Uso wa Kereng'ende Jiweni

Honorine alikuwa amekwisha kuusaga uso wote, sasa anateremka shingoni, aliposikia harufu ya nguo inayoungua. Akaacha kuzungusha mkono, akanusa. Mchanga ulikuwa umelowa, jiwe limelowa, na vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki wa jana. Jiko la makaa lilikuwa kule pembeni, na juu yake hapakuwa na kitu. Akasema moyoni: huyo Eudoxie ameunguza sketi za watu tena.

Eudoxie alikuwa dobi wa ng'ambo ya ua. Yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi sketi za ndani za wachezaji wa ukumbi wa Kengele Tatu, pale juu ya kilima cha Montmartre. Kabla Honorine hajamwita, Eudoxie akaingia mwenyewe, viatu vya mbao mguuni, kichwa wazi.

"Leo umeunguza nini wewe?" Honorine akamuuliza.

"Niunguze nini, na jiko sijaliwasha? Hebu weka hilo jiwe chini, shoga. Kereng'ende amekufa."

Kereng'ende lilikuwa jina la jukwaani. La nyumbani hakuna aliyelijua. Alikuwa akirusha mguu juu kuliko kofia za wanaume, halafu anaanguka chini kwa msamba, miguu imetanuka pande mbili, na ukumbi mzima unapiga kelele.

"Amekufaje?"

"Jana jioni, zile taa za gesi za ukingoni mwa jukwaa. Amezunguka, sketi zimegusa. Sketi sita, Honorine! Nimezitia wanga mimi kwa mikono yangu. Zimewaka kama karatasi. Roho imemtoka asubuhi hii, sasa hivi tu."

"Na uso?"

"Habari za uso usiniulize."

Honorine akatazama chini. Juu ya jiwe kulikuwa na kiuno cha Kereng'ende, mikono yake, mguu ulioinuliwa, na sketi zote sita. Juu ya shingo palikuwa peupe.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa hiyo. Mchoraji huchora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, jiwe hutiwa asidi na gundi, hupakwa wino, mabango yanachapwa. Yakiisha, picha husagwa kwa mchanga na maji mpaka jiwe liwe jipya. Picha hii ilikuwa ifutwe hata kabla ya kuchapwa, kwa kuwa mwenye ukumbi aligombana na Kereng'ende siku ya Jumatatu akaapa hatampotezea karatasi. Msagaji yeyote huanzia pembeni. Lakini Honorine, miaka kumi na miwili sasa, alikuwa akianzia machoni. Alichoka kutazamwa na wanawake anaowafuta.

Kabla ya adhuhuri mwenye ukumbi akaleta neno: picha ya marehemu ichapwe, mabango mia tisa, mji mzima unamlilia. Anselme, mume wa Honorine, akatoka kwenye mashine akiwa na wino mpaka kwenye viwiko, akalitazama jiwe.

"Umeanzia wapi, mama?"

"Machoni."

"Salaale."

Anselme alikuwa mtu mwema. Hakukasirika kamwe, na hakusikiliza kamwe.

Wakamleta mchoraji, Gatien Lormeau, kutoka kilabuni. Alisimama mbele ya jiwe huku anayumba.

"Sura yake naikumbuka nikilewa tu," akasema, "na sasa hivi bado sijafika."

"Bwana Gatien, acha mzaha," Honorine akamwambia. "Huna picha yake popote?"

"Labda ninayo. Nani ataitafuta leo?" Akazungusha macho chumbani. Kwenye meza ya dirishani alikuwa amekaa Ismérie, binti mkubwa wa nyumba ile, miaka kumi na sita, anapaka rangi kwenye kadi. "Wewe binti. Inua kidevu. Hivyo hivyo!"

Ismérie akainua. Alikuwa akimsindikiza Eudoxie kupeleka sketi ukumbini, na kila mara alichelewa kurudi, amejibanza nyuma ya pazia anatazama miguu ya wachezaji.

"Mwone," Eudoxie, aliyekuwa hajarudi kwake, akacheka, "shingo imekuwa ya batabukini."

"Mchore mwingine," Honorine akasema.

"Nani? Wewe?" Gatien akamjibu. "Tutawakimbiza watu mpaka Marseille."

Wote wakacheka. Honorine naye alicheka, na baadaye hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Haikuchukua saa nzima. Picha ya jiweni hutoka karatasini ikiwa imegeuka, kulia kuwa kushoto, kama kwenye kioo, na mchoraji mwenye akili timamu huigeuza mwenyewe anapochora. Gatien alichora alichokiona. Ismérie alikuwa na kidoa cheusi kwenye shavu la kulia. Karatasi ya kwanza ilipotoka mashinani, kidoa kilikuwa kushoto.

"Nani atajua?" Anselme akasema, akaendelea kuchapa.

Kesho yake asubuhi Ismérie alikata mkate kwa mkono wa kushoto.

Honorine aliona, akaona pia kwamba mtoto hakujua kama anaonwa. Mwenye watoto na kazi hawezi kusimama kila mtu anapobadili mkono. Siku ya pili, Zélie, binti mdogo wa miaka saba, akamvuta aproni.

"Mama, mimi sitaki kulala na dada."

"Kwa nini?"

"Ananuka pasi."

"Pasi gani?"

"Ikikaa sana juu ya nguo." Mtoto akashusha sauti. "Na miguu yake hailali. Yeye analala, miguu inacheza."

"Inacheza vipi?"

Zélie akagonga meza kwa vidole: tatu za haraka, kimya, halafu pigo moja zito. Honorine akamshika mkono, akaukunja, akauweka mapajani mwa mtoto. "Usirudie tena," akamwambia. "Nenda kachote maji."

Jumapili, Anselme alipokwenda kanisani na Zélie, Honorine alimkalisha Ismérie karibu na dirisha amchane nywele kama alivyofanya kila Jumapili tangu mtoto anaota meno, na chanuo lilipopita nywele zilitoa vumbi laini la kijivu, jepesi kama jivu la kitambaa, likamwangukia mikononi, akaendelea kuchana kwa sababu mikono ilishazoea na kwa sababu aliogopa kitakachotokea ikisimama. Halafu akamgeuza binti uso ili amwoshe, akashika kidevu, akalowesha kitambaa, akapangusa shavu la kulia, akapangusa tena, akapangusa mpaka ngozi ikawa nyekundu, akitafuta kidoa alichokibusu kabla mtoto huyo hajajua kuketi. Hakikuwepo. Kilikuwa kushoto.

"Ismérie," akanong'ona, "hebu nitazame."

"Nakutazama tangu ulipoanza kunifuta," binti akasema.

Kitambaa kikamponyoka Honorine. Binti akatabasamu, akakiokota kwa mkono wa kushoto, akampa.

"Unanivuta nywele, mama. Pole pole."

Honorine alishuka ngazi huku ameshika ukuta. Chini, mashine ilikuwa kimya, mabango ya mwisho yamechukuliwa jana, na jiwe liko palepale juu ya kitanda cha mashine, limepakwa gundi ya kuilinda picha. Akalisogelea, na alipokuwa hatua mbili kutoka pale akasikia mkwaruzo, mdogo, kama ukucha juu ya kigae, akadhani ni panya, akainama chini ya mashine, hakuna panya, akasimama, mkwaruzo ukaja tena na safari hii akajua unatoka wapi, ingawa alisimama muda mrefu akikataa kujua, mpaka mwishowe akainama na kuweka sikio lake juu ya baridi ile ya jiwe, na ndani kabisa, mbali, kama mtu aliye nyuma ya kuta mbili na blanketi, akasikia sauti ya mwanawe anayelia kwa kwikwi, sauti ya mtoto aliyelia mpaka amechoka, inasema: "Mama. Mama, huku kuna giza. Mama, siwezi kugeuka."

Juu, sakafuni, zikapigwa tatu za haraka. Kimya. Halafu pigo moja zito.

Alimweleza Anselme usiku uleule. Anselme alimsikiliza mpaka mwisho, akamfunika mabega kwa shali.

"Umechoka, mama," akasema. "Kidoa kilikuwa kushoto siku zote."

Basi akaenda peke yake kwa Bibi Radegonde. Huyu alikuwa mwanamke wa Berry, kule mashambani, aliyekaa Batignolles nyuma ya soko, akinyonyoa kuku wa watu kwa riziki na kuwafungua watu wa kwao waliorogwa. Alikuja Jumatatu, manyoya bado yamemganda mikononi. Alivua kiatu, akaweka unyayo mtupu juu ya jiwe. Akautoa upesi.

"Huyo anayetembea yuko wapi?"

Hawakuhitaji kumwita. Binti alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akamtazama bibi, akachekelea, kisha papo hapo akaanguka chini miguu imetanuka pande mbili, pu, mifupa ikalia, na Ismérie hakuwahi hata siku moja kuweza kugusa vidole vya miguu yake. Akainuka, akakung'uta sketi, akarudi juu.

Bibi Radegonde alikaa kwenye kiti. Alipozungumza alizungumza chini chini, akitazama dari.

"Lile si la leo. Ni jini la majukwaani. Lilimpanda marehemu, na kabla yake lilimpanda mwingine, lilikuwa likicheza humo ndani yao. Linapenda miguu ya wasichana. Nyumba yake imeungua, na siku ileile ninyi mmelijengea nyingine. Mwili wa marehemu, uso wa mwanao. Limeingia, na mwenye nyumba limemtupa huku jiweni."

"Atatokaje, bibi?"

"Mtafute aliyechora. Aufunike uso wa binti kwa uso wa marehemu mwenyewe, ule halisi. Jini limeuzoea, litaurudia. Likirudi tu, binti anatoka. Ndipo mlisage jiwe, na mlisage hasa."

"Na tukilisaga kabla?"

"Utamsaga mwanao."

Honorine akarudi nyuma, mbali na jiwe.

"Na usilifukuze ovyo," bibi akaongeza, huku anavaa kiatu. "Likikosa nyumba, huingia iliyo karibu. Yule mdogo ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Mh," bibi akasema. "Mumeo usimwambie. Baba wa mabinti hana siri. Atamwambia huyo aliye juu, naye atatutangulia."

Kwa hiyo Honorine hakumwambia. Alisema tu: "Anselme, hilo jiwe lisiguswe mpaka nirudi. Nakuomba."

"Sawa, mama," Anselme akasema, kwa sauti ileile aliyosema sawa kila alipoombwa aitengeneze ngazi.

Gatien hakuwa kwenye kilabu chake wala kwenye vile vitatu vilivyofuata. Walimcheka Honorine kila mlangoni. "Mume anatafutwa huyo, au deni la moyo?" Wengine walimwelekeza mfereji wa maji, wengine machinjioni, na kila alikopita bango lilikuwa limetangulia: kwenye kuta za mbao za majengo, kwenye nguzo, kwenye mlango wa kanisa lililofungwa, binti yake, kidevu juu, juu ya miguu ya mwanamke aliyeungua. Siku ya pili mvua ilinyesha. Kwenye ukuta mmoja mrefu kandokando ya reli walibandika mabango ishirini kwa mstari, na Honorine akapita kando yake ameinamisha kichwa, anahesabu mawe ya barabara, kwa kuwa alishaanza kuhisi kwamba hayakuwa yakimtazama kwa pamoja bali kwa zamu, kila moja likimpokea kutoka kwa mwenzake na kumkabidhi kwa lifuatalo, na alipofika la mwisho akashindwa kuvumilia, akainua macho, akaona maji ya mvua yakishuka kwenye uso ule, yanaingia kinywani, kinywa ambacho Gatien alikichora kimefungwa.

Alimkuta Gatien jioni ileile kwa dada yake, La Villette, kitandani, anakohoa. Hakunywa kwa siku tatu, na alikuwa na aibu.

"Sura yake unaikumbuka sasa?" Honorine akamwuliza.

Gatien akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa kijitabu kidogo. Ukurasa wa katikati kulikuwa na mwanamke anakunywa supu dirishani, macho mazito, pua imepinda kidogo, amechoka. Hakuwa mzuri. Alikuwa yeye.

"Kumbe ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo mfukoni siku ile," Gatien akasema. "Nilikuwa mvivu kuitoa."

Honorine hakumtukana. Hakuwa na nafasi. Alilala kwenye kiti cha dada mtu, na asubuhi akamvika Gatien koti, akamshika kwapa, wakapanda kilima wakipumzika kila kona. Walifika saa kumi, taa za gesi zinawashwa mitaani.

Anselme alikuwa ananawa mikono. Jiwe liliegemezwa ukutani, linachuruzika maji, jeupe lote.

"Nimekumalizia kazi, mama," akasema kwa furaha. "Sasa utalala."

Honorine akaliendea jiwe.

"Ismérie mwenyewe ndiye aliyeniomba. Alisema, baba, mama anateseka sababu ya jiwe hili, lifute asilione tena. Akanimwagia maji mwenyewe, akakaa hapa mpaka mwisho. Yule mtoto ana huruma."

"Umesaga kiasi gani?"

"Hasa. Unene wa ukucha. Hata kivuli hakirudi."

"Ulisikia kitu?"

"Kama nini?" Anselme akafikiri. "Mchanga ulilia kidogo. Mchanga mpya hulia."

Honorine akapiga magoti, akaweka sikio juu ya jiwe. Akalihamisha sikio, juu, chini, kila pembe, kama anayetafuta mapigo ya moyo tumboni mwa mjamzito. Jiwe lilikuwa jiwe. Gatien, bila kuambiwa, akachukua kalamu ya mafuta, akachuchumaa kando yake, akaanza kumchora marehemu katikati ya weupe ule, pua iliyopinda, macho mazito. Alichora vizuri kuliko alivyowahi kuchora. Alipomaliza wakangoja. Juu, visigino vilivyokuwa vikigonga sakafu vikanyamaza kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa na anafikiri kama aitike. Kisha vikaanza tena, vyepesi, vya furaha. Kwa nini lirudi kwenye ngozi iliyoungua, na hapa lina ngozi nzima?

"Mwaniogopesha," Anselme akasema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Honorine akasema. "Kanunue mkate."

Gatien akaondoka bila kuaga. Honorine akapanda juu.

Supu ya kabichi na kipande cha nyama ya nguruwe ilikuwa jikoni tangu asubuhi. Kitu kile kilikuwa kimekwisha kupanga meza, vijiko vyote upande wa kushoto. Kilikuwa kimemkalisha Zélie kitini, kimeshika mguu wake mdogo kwa kisigino, kinauinua polepole, kinaushusha, kinauinua.

"Ana nyonga laini, mama," kikasema. "Mwone anavyoinuka."

"Mwache," Honorine akasema. "Zélie, njoo ukae huku kwangu."

Wakatazamana juu ya kichwa cha mtoto. Honorine alijua, na kile kilijua kwamba anajua. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita padri, au kukitupa barabarani kwenye baridi, na majirani wangesema amerukwa na akili, na kabla hawajamaliza kusema, kingekuwa kimeshapata nyumba ya karibu. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa na mikono aliyoivisha glavu majira yote ya baridi. Hakuna kingine kilichobaki cha kuzika.

Anselme akarudi na mkate. Honorine akawasha taa, akachukua upawa, akasimama kwenye kichwa cha meza kama kila siku, akapakua.

"Anselme."

"Nipo, mama. Inanukia."

"Zélie."

"Nipo," mtoto akasema, amembana kiunoni.

Upawa ulikaa hewani muda kidogo. Chini ya meza, visigino vilikuwa vinangoja.

"Ismérie," akasema Honorine.

"Nipo, mama."

Bakuli likanyooshwa kwa mkono wa kushoto. Honorine akalijaza mpaka ukingoni, akakipa kile kipande kikubwa cha nyama, ili kishibe, ili kitulie kilipo.